Mwimbaji Mkongwe na Watani Wake

Mwimbaji anapofika uzeeni na bado akapanda jukwaani, wapenzi wa muziki wake hugawanyika makundi mawili ambayo hayajapata kupatana popote: wako wanaosema kwamba sauti yake imechuja na kwamba afadhali angestaafu mapema akalinda jina lake, na wako wanaoshikilia kwamba ng'ombe hazeeki maini, yaani mtu aliyekomaa katika kazi yake hapungukiwi kiini hata mwili ukichoka. Katika nchi ambako muziki wa roki, ule wa magitaa ya umeme uliokua Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1950, umezeeka pamoja na wasikilizaji wake, ubishi huu humhusu mtu kama Mick Jagger, aliyezaliwa mwaka 1943. Nchini Tanzania humhusu zaidi mwimbaji wa muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi zenye magitaa, tarumbeta, saksafoni na tumba, ambao uliimbwa kwa Kiswahili katika kumbi za mijini na redio ikaufikisha vijijini. Tafakari hii inautazama ubishi huo kutoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kwa sababu huko njia mbili za kuutunza wimbo, ile ya kumbukumbu za watu na ile ya kinasa sauti, zimeishi jirani kwa muda mrefu, na tofauti kati yake ndiyo inayoeleza jinsi sauti iliyozeeka ilivyogeuka kuwa jambo la kubishaniwa.

Mbinga ni mji wa nyanda za juu, katika nchi ya Wamatengo, ambao wanajulikana kwa kilimo cha kahawa na kwa ngoro, yaani mashimo ya mraba yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ili mvua isiibebe ardhi. Kutoka hapo barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 66 inateremka hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, na katika mwambao huo wanaishi Wanyasa, Wampoto na Wamanda, wavuvi wa usipa na wakulima wa muhogo na mpunga, ambao kwa vizazi kadhaa wamekuwa wakisikiliza nyimbo zao wenyewe kabla ya kusikiliza za Dar es Salaam. Ngoma mbili ndizo zinazotajwa kwanza mtu anapozungumzia muziki wa eneo hili: mganda, ambao ni wa wanaume, na kioda, ambayo ni ya wanawake.

Historia ya mganda inafahamika vizuri kiasi, kwa kuwa Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni. Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za matarumbeta za Wazungu na gwaride lao, na vyama vyake viwili vilivyoshindana sana, Marini na Arinoti, vilienea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918. Vijana wa kando ya Ziwa Nyasa waliporudi kutoka vitani walikuja na gwaride hilo, wakalipa mwendo wa taratibu zaidi, wakavaa nguo nyeupe zilizonyooshwa, wakapeana vyeo vya kijeshi, na mahali pa matarumbeta ya shaba, ambayo hawakuwa na fedha ya kuyanunua, wakaweka vibuyu.

Kibuyu hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kinalijibu swali la sauti kwa namna ambayo dansi haikuijua. Kibuyu hutobolewa, kisha tundu moja huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui, na mchezaji anapovumisha sauti yake ndani yake ule utando hutetema na kuigeuza sauti ya mtu kuwa mvumo mkali unaofanana na wa tarumbeta; upande wa pili wa ziwa, nchini Malawi, ngoma hiyohiyo inaitwa malipenga kwa jina la vibuyu hivyo. Pumzi inayopita humo ni ya mtu, na wimbo ni wa mtu, lakini rangi ya sauti ni ya utando, kwa hiyo msikilizaji aliye umbali wa hatua kumi hawezi kutambua kwa urahisi kwamba huyu ana miaka ishirini na yule ana sitini. Wanaoshindanishwa katika mganda ni vikundi na vijiji, na kinachohukumiwa ni unyoofu wa mstari, unadhifu wa nguo, uzito wa ngoma kubwa na ukali wa maneno ya wimbo, na koo la mtu mmoja halina nafasi kubwa katika hukumu hiyo.

Katika kioda sauti haifunikwi na chombo, lakini mpangilio wa uimbaji unaleta matokeo yanayokaribiana na hayo. Mmoja huanzisha na wengine huitikia, na mwanzishaji ambaye pumzi zimemwishia hupokewa wimbo na mwenzake bila mtu yeyote kuona kwamba kuna kilichoharibika, kwa kuwa kupokea wimbo ni sehemu ya kuimba kwenyewe. Bibi anayejua beti nyingi anaheshimiwa kwa kuzijua, na sauti yake ikikwaruza haipunguzi ujuzi huo. Zaidi ya hapo, hakuna anayeweza kuisikiliza sauti yake ya miaka arobaini iliyopita na kuiweka kando ya sauti yake ya leo, maana sauti ile ya zamani haipo mahali popote isipokuwa katika vichwa vya wenzake, ambao nao wamezeeka kwa kasi ileile.

Kinasa sauti ndicho kilichoivunja hali hiyo. Tangu miaka ya 1960 Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyojulikana kwa kifupi kama RTD, ilikuwa mtangazaji mkuu wa muziki nchini na wakati uleule studio kuu ya kuurekodi, kwa maana kwamba bendi ziliingia katika studio zake, zikaimba nyimbo zao mpya, na kanda hizo zikatangazwa kwa miaka mingi baadaye. Nyimbo hizo, zilipokwisha kuwa za zamani, zikapewa jina la zilipendwa, na hadi leo vituo vya redio vinazipiga katika vipindi vyake vya mwisho wa juma. Kwa msikilizaji wa vijiji vya mwambaoni kama Lituhi au Liuli, ambaye nafasi ya kuiona bendi kubwa ya Dar es Salaam kwa macho ilikuwa finyu kutokana na umbali na ubovu wa barabara za wakati huo, mwimbaji alikuwa ni ile sauti ya redioni, na sauti ya redioni haikuwa na mvi.

Hivyo kanda ilifanya jambo ambalo waliorekodi hawakulikusudia, nalo ni kumzalia kila mwimbaji mshindani mwenye jina lake, mwenye nyimbo zake, na ambaye hatazeeka kamwe. Mwimbaji wa miaka sabini anapopanda jukwaani na kuuanza wimbo aliourekodi akiwa na miaka thelathini na tano, ukumbi mzima unasikia sauti mbili kwa wakati mmoja, moja kutoka kwenye spika na nyingine kutoka kwenye kumbukumbu iliyonolewa na redio kwa kurudiwa mamia ya mara, na kila pengo kati ya hizo mbili linahesabiwa kuwa kosa la yule aliye hai. Ulinganisho huo unakuwa mgumu zaidi kwa sababu ya waimbaji waliokufa mapema. Mbaraka Mwinshehe alifariki dunia kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34. Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa takriban miaka arobaini. Hakuna aliyewahi kuwasikia wakiwa wazee, na kwa hiyo katika ubishi wa mashabiki wao husimama siku zote upande wa ushindi, huku wenzao waliobahatika kuishi wakitozwa gharama ya bahati hiyo.

Mwambao wa Nyasa una mfano wake wa karibu katika Kapteni John Komba, aliyezaliwa Lituhi mwaka 1954, akawa ofisa wa jeshi, akaliongoza kundi la Tanzania One Theatre, maarufu kwa jina la TOT, na tangu mwaka 2005 akawa mbunge wa Mbinga Magharibi, jimbo ambalo lilikuwa ndilo mwambao wenyewe. Sauti yake ilikuwa ya chini, pana na nzito, sauti ya kwaya na ya kampeni, na nyimbo za maombolezo alizoziongoza baada ya kifo cha Mwalimu Julius Nyerere mwezi Oktoba 1999 zilimfanya ajulikane hata kwa watu wasioipenda siasa yake. Alifariki Dar es Salaam tarehe 28 Februari 2015 na akazikwa kwao Lituhi, akiwa hajatimiza miaka 61. Sauti nzito ya kiume ya aina hiyo huchelewa kuonyesha umri, na mauti yalimfika kabla ya umri kuanza kusikika, kwa hiyo wanaoikumbuka hubishana kuhusu maneno aliyoyaimba na chama alichokiimbia, ila si kuhusu koo lake.

Ili ubishi usiwe wa hisia tupu, inafaa kueleza kinachotokea kooni. Sauti hutokana na nyuzi mbili za nyama laini zilizomo ndani ya zoloto, yaani kile kisanduku cha gegedu kinachojitokeza mbele ya shingo, ambazo hukutana na kuachana mamia ya mara kwa sekunde pale pumzi inapopita kati yake. Umri unapoendelea, misuli ya nyuzi hizo hukonda, gegedu zinazozishika hukakamaa, na pafu hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kusukuma hewa. Nyuzi zisipofunga sawasawa, hewa huvuja na sauti hutoka ikiwa na upepo ndani yake. Mtetemo wa sauti, ambao katika ujana ni wa haraka na mwembamba na huifanya noti ndefu ing'are, huwa wa polepole na mpana kiasi kwamba msikilizaji huanza kuutambua kama kuyumba. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba wanaume na wanawake hawazeeki kwa mwelekeo mmoja: sauti ya mwanamume mzee huelekea kupanda kidogo na kuwa nyembamba, na ya mwanamke hushuka na kuwa nzito. Anayeumia zaidi ni mwimbaji wa sauti ya juu, ambaye sifa yake yote ilitokana na kupanda mahali ambapo wengine hawakufika.

Muziki wa dansi ulikuwa na majibu yake kwa tatizo hilo, na majibu hayo yanaonekana vizuri katika bendi mbili ambazo ushindani wake umegawanya mashabiki wa Dar es Salaam kwa zaidi ya miongo minne. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, na kadiri chama hicho kilivyobadilishwa jina nayo ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Ya pili ni Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ikaja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na inayojulikana zaidi kama Sikinde. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA tangu mwanzo wake, akawa miongoni mwa walioijenga Mlimani Park, akaenda bendi ya Orchestra Safari Sound mwaka 1985, na hatimaye akarudi Msondo, ambako alibaki hadi alipostaafu mwaka 2013. Hassan Rehani Bitchuka, mwenye sauti ya juu iliyompatia jina la Super Stereo, naye alipita katika kambi hizohizo. Kwa hiyo shabiki wa Sikinde aliyemcheka Gurumo wa Msondo kwa kuishiwa pumzi alikuwa akimcheka mtu ambaye sauti yake imo katika kanda za Sikinde anazozitukuza.

Bendi hizo hazikumweka mwimbaji peke yake mbele ya kipaza sauti. Waimbaji watatu au wanne walisimama pamoja, mmoja akachukua beti, wenzake wakamwingilia kwa sauti za juu na za chini yake, na kibwagizo, yaani sehemu inayorudiwa na wote, kikawa mahali pa kupumzikia. Mkongwe aliyeanza kuchoka alikuwa na njia kadhaa za kujihifadhi bila kuondoka: wapiga magitaa walishusha ufunguo wa wimbo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo mzima unaizunguka, ili noti ya juu kabisa iwe ndani ya uwezo wake, kijana alipewa beti za kupanda na mzee akabaki na zile za kusimulia, na mahali palipohitaji noti ndefu mzee alighani, yaani alitamka maneno kwa mapigo ya wimbo bila kuyavuta. Ngoro ya Wamatengo hufanya kazi kwa kanuni kama hiyo, kwa kuwa nyasi zilizokatwa hupangwa kwa miraba na kufukiwa kwa udongo, zikaoza, na mazao ya msimu unaofuata yakaota juu yake. Katika bendi pia sauti iliyopungua haikutupwa, ilifukiwa chini ya sauti changa na kuzilisha. Gurumo alifaa kwa nafasi hiyo kuliko wengi, kwa sababu hata ujanani uzuri wake haukuwa katika kupanda. Alikuwa na sauti kavu, yenye kufikiri, iliyolitamka kila neno likaeleweka, na utamkaji huzeeka polepole kuliko noti ya juu.

Hata hivyo mashabiki walicheka, na wanacheka bado. Katika msimu wa kahawa, malipo yanapoingia Mbinga na baa za mji zikajaa, wimbo wa zilipendwa ukipigwa haukosi kuzua mjadala wa nani kabaki na sauti na nani kabaki na jina, na mizaha ya mjadala huo ina mtindo wake. Husemwa kwamba mzee sasa anaimbiwa na kibwagizo. Kwamba noti ya juu ameikopesha kwa kijana na hajui atarudishiwa lini. Kwamba yeye na kipaza sauti wamezoeana mno hata mmoja akikohoa mwingine hujibu. Kisha anayetania huongeza kinywaji, na wimbo ukifika kwenye beti inayopendwa na wote hunyamaza ili asikie. Mizaha hii haitoki kwa watu wasiomjali mwimbaji. Msikilizaji asiyejali hana cha kutania, maana hajui noti ile ilivyokuwa mwaka 1980.

Hapa ndipo utani unapohitaji kueleweka kwa maana yake kamili, ambayo ni pana kuliko mzaha. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliueleza uhusiano wa utani kuwa ni ule ambao upande mmoja unaruhusiwa, na mahali pengine unalazimika, kuukejeli upande mwingine, nao upande unaokejeliwa hautakiwi kukasirika. R. E. Moreau, aliyeuchunguza utani nchini Tanganyika na kuchapisha matokeo yake mwaka 1944, alionyesha jinsi uhusiano huo ulivyounganisha makabila, na inafahamika kwamba mara nyingi uliota mahali palipokuwa na vita, kama kati ya Wangoni wa Songea na Wahehe, waliopigana katika karne ya 19 na ambao wajukuu wao hutukanana kwa furaha. Lakini mtani ana kazi nyingine. Msiba unapotokea, ndiye anayefika kumfanyia maskhara maiti na wafiwa ili huzuni isiwazidi, na ndiye huyohuyo anayeshika jembe la kuchimbia kaburi na kusimamia shughuli ambazo wenye msiba hawana nguvu ya kuzifanya. Ruhusa ya kucheka na wajibu wa kuhudumia ni mkataba mmoja.

Ushindani wa bendi na vikundi umejengwa juu ya mkataba huo tangu zamani. Marini na Arinoti walikejeliana kwa nyimbo, vijiji vya mganda vilialikana, vikashindana mchana na kula pamoja jioni, na katika miaka ya 1990 TOT ya Kapteni Komba na Muungano Cultural Troupe zilirushiana vijembe jukwaani mbele ya kumbi zilizojaa. Msondo na Sikinde huitwa watani wa jadi, kama zinavyoitwa timu za Simba na Yanga, na jina hilo linasema kweli, kwa kuwa wanamuziki wake walihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama watu wanaooana. Aliyetania sauti ya mkongwe wa upande wa pili alijua kwamba kesho mkongwe huyo anaweza kuwa wake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na shabiki wa namna hiyo alijua mahali pa kuachia.

Mambo hubadilika pale kicheko kinapotoka kwa mtu asiye mtani. Zambia, jirani wa kusini-magharibi, inatoa mfano ambao ni wa roki kwelikweli, kwani katika miaka ya 1970 vijana wa miji ya shaba walipiga roki ya magitaa makali iliyokuja kuitwa zamrock, na bendi iliyovuma zaidi, WITCH, iliongozwa na Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari kwa kufuata jina la Mick Jagger. Chanda aliondoka jukwaani, akafundisha muziki na baadaye akachimba vito, na rekodi zake zilipotolewa upya na kupata wasikilizaji Ulaya na Marekani katika karne hii, alirudi jukwaani akiwa mzee, akazunguka na wanamuziki wengi wao vijana wa Kizungu, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya. Wasikilizaji hao wapya walimjua kwanza kupitia rekodi ya kijana wa miaka ishirini na kitu, na hawakuzeeka naye. Wakimsifu, wanasifu kurudi kwake. Wakimkosoa, hawana uhusiano unaoipa lawama yao mpaka.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, anaonyesha hatari ya upande wa pili. Aliimba taarab na kuongoza unyago kwa miongo mingi, lakini umaarufu wake wa dunia ulikuja akiwa bibi, akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri unaokisiwa kupita miaka tisini. Kwake sauti ya kukwaruza, iliyokolezwa na sigara, ilikuwa ndiyo mali, na hakuna aliyedai kwamba imechuja kwa sababu ukumbi wa Ulaya haukuwa na kanda ya ujana wake ya kulinganisha. Sifa hizo zilistahili, ila baadhi yake ziliusifu uzee wake kuliko uimbaji wake, na kumsifu mwimbaji kwa sababu tu hajafa ni namna nyingine ya kutomsikiliza. Shabiki anayesema kwamba beti ya pili imemshinda mzee leo, lakini ya tatu ameipiga vizuri kuliko zamani, amemheshimu zaidi kuliko mgeni anayepiga makofi kabla wimbo haujaanza.

Swali la kustaafu, ambalo ndilo kilele cha ubishi wote, haliwezi kujibiwa kwa masikio peke yake, kwa kuwa lina upande wa fedha. Wanamuziki wa bendi za mashirika walilipwa mishahara midogo, kanda zao zikatangazwa kwa miaka bila mrabaha wa maana, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ilipotungwa mwaka 1999 wengi walikwisha kutunga sehemu kubwa ya kazi zao. Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, ilijulikana kwamba hakuwahi kumiliki gari, na Diamond Platnumz, mwanamuziki wa bongofleva wa kizazi cha wajukuu zake, akampa moja. Gurumo alifariki dunia tarehe 13 Aprili 2014, miezi michache baadaye. Mzee anayeonekana kung'ang'ania jukwaa mara nyingi anang'ang'ania kiingilio cha usiku huo, na kumshauri alinde jina lake kwa kunyamaza ni kumshauri ale jina.

Kutokana na hayo, kipimo cha haki kwa sauti iliyozeeka hakiwezi kuwa kanda, kwa sababu kanda inapima tofauti kati ya mtu na ujana wake na hakuna mtu anayeshinda mashindano hayo. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho waimbaji wa kioda wanakitumia bila kukitaja: kama anayeanzisha bado anaweza kuwafikisha wenzake kwenye kiitikio, wimbo upo, na kama hawezi, apokewe. Ubishi na mizaha vinaweza kubaki, na ni vyema vibaki, kwa kuwa pasipo watu wanaokumbuka noti iliyopotea hakutakuwa na watu wanaotambua iliyobaki. Lakini mashabiki wanaopenda kujiita watani wanapaswa kuukubali mkataba mzima. Anayemtania mzee kwa kuishiwa pumzi alipe kiingilio chake anapoimba, achange anapougua, na adai kwamba redio inayopiga sauti yake ya ujana imlipe yeye au warithi wake; asiye tayari kulishika jembe hana ruhusa ya kucheka.